Blanketi Juu ya Tangi la Samaki

Baba alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, alituachia nyumba ya Mji wa Kale yenye ngazi nyembamba za mbao, na tangi la samaki.

Kazi yake ilikuwa kufungasha samaki walio hai. Kampuni aliyofanyia kazi ilinunua samaki wa mapambo kutoka kwa wapiga mbizi, ikawatia mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa, na kuwapeleka uwanja wa ndege. Samaki aliyechanika pezi au kung'oka gamba hakutakiwa na wanunuzi wa ng'ambo. Wafungashaji wengine waliwarudisha baharini, lakini baba alikuwa na huruma ya namna yake: aliwaleta nyumbani. Tangi lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake, vioo vitano na gundi, akaliweka ukumbini karibu na dirisha linaloangalia uchochoroni. Ndani alitia maji ya bahari, mawe yenye matumbawe mabichi, na hao samaki wake wenye kasoro. Alikuwapo samaki mmoja wa buluu aitwaye kangaja, mkia wake umekatwa upande, ambaye alikuwa akiogelea kama mtu anayechechemea.

Mama hakulipenda tangi lile baba alipokuwa hai. "Samaki ni wa kupaka nazi," alikuwa akisema, na baba alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza ayasikie maneno hayo.

Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, na nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Niliondoka asubuhi na kurudi alasiri. Baada ya hitima, watu waliotujazia nyumba wakapungua, kisha wakawa wachache, kisha wakabaki wale wa kupitia Ijumaa. Mama alikuwa amekaa eda. Hatoki, havai rangi, hajitii manukato. Alivaa nguo zake nyeupe akakaa ukumbini, na kwa kuwa kiti kizuri kilikuwa kile cha baba, kilichoelekea tangi, akawa anakaa hapo.

Nililishika tangi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kulishika. Nilijua kuwasha taa, kuzima taa, na kuwatilia samaki uduvi mkavu uliosagwa, kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Ndivyo nilivyomwona baba akifanya. Maji yalipopungua kwa joto, nilichota kisimani uani nikaongeza. Nilidhani hayo yanatosha.

Kwanza kioo kilishika kitu kama vumbi la kijani. Nikalifuta, likarudi. Kisha juu ya mawe kukaota nyuzi fupi, laini, mfano wa ndevu za kijana. Sikuzijali, nilifikiri hata ni pambo. Baada ya muda zile nyuzi zikawa nywele ndefu za kijani zinazoyumba huku na huku, zimefunika mawe na kuingia katika bomba la chujio. Matumbawe laini, yale yaliyokuwa yakifunguka kama viganja kila taa inapowashwa, yakajikunja na kubaki hivyo. Maji yakanuka, si harufu ya bahari bali ya kitambaa kilichosahauliwa ndooni.

Kila alasiri nilikunja mikono ya gauni nikaingiza mkono ndani. Nilisugua mawe kwa mswaki wa zamani, nikaukamata ule mwani kwa vidole na kuung'oa kama anayenyonyoa kuku, nikautupa kwenye beseni. Nilijaza beseni zima. Ilipofika Ijumaa nyingine ulikuwa umeota upya, mrefu zaidi. Mama alinitazama kutoka kitini. Mara moja tu aliniuliza, "Baba yako aliuondoaje?"

"Haukuwapo alipokuwa hai, Mama."

Akarudisha macho kwenye tangi. Nilijuta kwa jibu lile, lakini lilikuwa limeshatoka.

Nikaenda kazini kwa baba. Mwenye kampuni alikuwa mwanamke wa makamo, mkali wa sauti, na alimpenda baba. Machozi yalimlenga aliponiona mlangoni. Alinikalisha, akaniagizia chai, akanihoji kama daktari.

"Tangi liko wapi? Jua lalipiga?"

"Li karibu na dirisha. Asubuhi jua laingia."

"Baba yako alikuwa akiteremsha pazia. Na maji ya kuongezea wayatoa wapi?"

"Kisimani."

Akatikisa kichwa. "Visima vyenu vimepakana na mashimo ya vyoo, mwanangu. Unautilia mwani mbolea kwa ndoo. Baba yako alikinga maji ya mvua kwa ajili hiyo. Na maji ya bahari?"

Nilikiri kwamba tangu baba afe sikuwahi kuyabadilisha.

Alinieleza polepole. Mwani ule, alisema, hauji kwa bahati mbaya, bali huitwa: kwa mwangaza uliozidi, kwa maji machafu, na kwa chakula kinachoozea chini. Nichote maji mapya ya bahari wakati yamejaa, upande wa bahari kuu, kule penye mnara wa taa, si hapa bandari ya kale inapomwagika mifereji ya mji. Nipunguze saa za taa. Nitie konokono wale wadogo wanaotambaa mawe, maana wao hula mwani. Na kama umeshika sana, nilifunike tangi zima kwa blanketi nene siku chache, lisiingie mwanga hata kidogo.

"Samaki hawatadhurika," alisema, "lakini pampu ya hewa isizimike. Mwani ukifa huoza, na ukioza huwanyang'anya samaki pumzi. Umenisikia?"

Nikasema nimemsikia.

"Na chakula? Wawapa kiasi gani?"

"Kidogo tu. Mara moja."

Alinitazama kwa shaka. "Mwani wa namna hiyo si wa mara moja," akasema.

Jawabu nililipata siku chache baadaye. Ofisini tuliruhusiwa mapema, nikapanda ngazi za nyumbani kabla ya wakati wangu wa kawaida, na mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama mbele ya tangi akiwa na kipande cha mkate wa mofa mkononi. Alikuwa akikifikicha ndani ya maji na kuzungumza. Samaki wote walikuwa wamemjia juu, na kangaja wa mkia mbovu alikuwa akila moja kwa moja kwenye vidole vyake.

"Mama!"

Alishtuka, kisha akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. "Ndoo hapa uone," aliniambia. "Yuwala mkononi. Wanijua! Nikikaa tu pale kitini, wote wanijia. Asubuhi nawapa, adhuhuri nawapa. Jana niliwapa mbaazi, lakini hawakuzipenda."

Ningeweza kucheka naye. Nimeufikiria mara nyingi ule mlango wazi na ule mkate. Lakini mkono wangu ulikuwa bado unawasha kwa kusugua mawe jana yake, na nilichokiona ni beseni baada ya beseni za mwani nilizozimwaga bure.

"Kumbe ni wewe," nikasema. "Mimi nasafisha, wewe wachafua. Wataka wafe?"

Mama aliufumba mkono wenye mkate. Aliketi kitini taratibu, kama mgeni aliyeambiwa amekaa mahali pa mtu.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa utaratibu mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Niliuchukua mkebe wa uduvi nikautia mkobani mwangu, nikawa naenda nao kazini. Ulikaa juu ya meza yangu Kilindini kati ya mihuri na karatasi za mizigo, ukinuka, na karani mwenzangu akaniuliza kama nimefungua duka la samaki. Niliteremsha pazia la dirisha. Jumapili nilimkodi mwenye mkokoteni tukaenda upande wa mnara wa taa, nikachota maji ya bahari kwa mitungi, nikabadilisha sehemu kubwa ya maji ya tangi. Kisha nikalileta blanketi la sufu, lile la wakati wa kipupwe, nikalifunika tangi pande zote na kulifunga kwa kamba.

Mama alikuwa akinitazama.

"Na mimi nitatazama nini?" aliuliza.

Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Ni siku chache tu, Mama. Usilifunue. Ukilifunua hata kidogo, kazi yote bure. Umenisikia?"

"Nimekusikia," akasema.

Sasa nyumba ilikuwa na giza. Pazia chini, tangi limefunikwa, na mama katika nguo zake nyeupe amekielekea kile kitu cha mraba chini ya blanketi. Nilimwambia asikilize redio. Aliiwasha nilipokuwapo, naamini aliizima nilipoondoka.

Siku ya pili ya giza lile, umeme ulikatika. Nilikuwa ofisini. Feni la darini lilizunguka kwa uvivu likasimama, na makarani wote tukashangilia, maana umeme ukienda kazi nayo huenda. Tulitoka nje tukakaa kivulini tukinunua maji ya madafu, tukisimuliana habari za watu. Nakumbuka nilicheka sana siku ile. Wala haikunipitia akilini kwamba nyumbani pampu nayo imesimama, na kwamba chini ya blanketi mwani umeanza kuoza. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeulizwa kama nimesikia.

Umeme haukurudi. Wakati wa kurudi nyumbani nilipitia Makadara nikamnunulia mama viazi vya karai, kwa sababu dhamiri ilikuwa ikinisuta kidogo juu ya yale maneno niliyomwambia siku ya mkate, na nilitaka kumfurahisha.

Nilimkuta amekaa pale pale, mikono magotini.

"Walikuwa wakigonga," aliniambia kabla sijavua buibui.

"Nani?"

"Samaki. Tangu adhuhuri. Wakipiga kioo, wakipiga maji. Sasa wametulia."

Niliutupa mfuko wa viazi mezani. Ile kamba niliyoifunga mwenyewe ilinikatalia, nikaikata kwa kisu. Nilipolivuta blanketi, harufu ilinipiga usoni. Maji yalikuwa meupe kama maziwa. Samaki wawili wadogo walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakihema. Wengine walikuwa wamelala ubavu. Kangaja alikuwa amejibana katika pembe, mdomo wazi, na buluu yake imegeuka kijivu.

Nilichota maji kwa kikombe nikawa nayamwaga tena kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, ili yaingie hewa. Mama aliinuka akachukua kikombe kingine akanisaidia. Tulifanya hivyo mpaka mikono ikachoka, mpaka wale wawili wakaanza kushuka chini na kuogelea. Wengine hawakuinuka.

"Mama," nikasema, "uliwasikia wakigonga. Mbona hukufunua?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si uliniambia nisifunue?"

Mama yangu alikuwa mwanamke aliyeendesha nyumba, aliyenitia adabu, aliyebishana na wauza samaki mpaka wakamwomba radhi. Na alikuwa amekaa adhuhuri nzima akisikiliza viumbe vikifa umbali wa hatua chache, kwa sababu mwanawe alimkataza kunyanyua blanketi. Nilimtoa kangaja kwa kitambaa. Mama akaomba ampokee, akamweka kiganjani na kumnyoosha ule mkia uliokatwa kwa kidole kimoja.

Kesho yake jioni jirani yetu, rika la mama, alipita kumjulia hali. Niliwapikia kahawa. Nikiwa namimina, nilimsikia mama akisema, "Nimewaua samaki wa marehemu, mwenzangu. Kwa kuwalisha. Nilikuwa nawalisha ovyo, maji yakaharibika."

Jirani akamwambia ni kudura, samaki ni samaki, asijitie uchungu.

Nami nilikuwa nimeshika birika. Neno moja lingetosha. Niliweka vikombe mbele yao, nikaweka na tende, nikarudi jikoni. Ulikuwa urahisi wa namna ya ajabu: kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe, na mwenyewe hakulikataa.

Siku iliyofuata nzima kila nilichokigusa kilinichoma. Mama alikula kidogo sana. Alasiri niliona anafuta kioo cha tangi kwa ncha ya leso, taratibu, anavyofuta mtu uso wa mgonjwa, na wale samaki wawili waliobaki walipomjia alirudisha mkono nyuma upesi, kana kwamba ana sumu vidoleni. Hapo sikuweza tena. Aliporudi kukaa, nikakaa sakafuni karibu na kiti chake.

"Mama, si wewe uliyewaua."

"Ni mimi. Yule mama wa kampuni alikwambia, chakula—"

"Chakula kiliotesha mwani, na hata mwani hukuuotesha peke yako. Mimi nilitia maji ya kisima. Mimi nilisahau maji ya bahari. Lakini waliokufa wamekufa kwa kukosa hewa. Umeme ulikatika, pampu ikasimama. Niliambiwa jambo hilo waziwazi, nikalisahau. Nilikuwa nje nakunywa madafu."

Nilingoja aniambie si neno, yamepita, kama alivyoniambia maisha yangu yote. Hakuniambia hivyo.

"Jana ulikuwa hapa," alisema. "Nilipomwambia yule jirani. Ulikuwa umeshika birika."

"Ndiyo, Mama."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akainuka. Sauti yake ilipanda kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. "Wanifunikia hata samaki! Nyumba hii sitoki, nguo nyeupe sivui, mume wangu yuko mavani, kitu kimoja chanijia nikikaa, nawe wachukua blanketi wanifunikia! Waniambia usifunue kama waniambia mtoto! Na mimi nikakaa! Nikakaa nikisikiliza!" Alipiga kifua chake kwa kiganja. "Hilo ndilo sitalisahau. Kwamba nilikaa."

Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilimsikia analia, kilio kikubwa, cha sauti, ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Nilibaki sakafuni. Sikujua kama nimemwondolea mzigo au nimemtwisha mwingine, na mpaka leo sina hakika.

Hatukuzungumza juu ya jambo hilo tena. Nikaurudisha mkebe wa uduvi mahali pake, juu ya rafu kando ya tangi. Nikakinga maji ya mvua kwenye pipa juu ya dari. Nikabadilisha maji ya bahari kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili. Mwani uliobaki nikauchuma kwa mkono, na haukurudi kwa nguvu zile tena.

Eda ilipomalizika, mama alioga, akavaa leso mpya, na jambo la kwanza alilolitaka lilinishangaza: twende tukaokote konokono. Tulikwenda maji yalipokupwa, tukainama mawe kwa mawe, tumefunga leso kiunoni. Yeye aliokota wengi kuliko mimi. Nyumbani tuliwatia tangini, wakatawanyika juu ya mawe na kuacha njia nyeupe walipopita. Baada ya muda kiganja kimoja cha matumbawe kikafunguka, kisha kingine. Yule mwenye kampuni alikuja kututazama, akasifu, akatuletea kangaja mwingine, mdogo, aliyekosa jicho moja.

Wageni waliokuja waliuona uzuri wa maji yale wakasema mashaallah. Nilipokea sifa kwa shida.

Kwa maana mama hakuwalisha tena. Nilimwambia, "Mama, mkebe huo hapo, walishe, kidogo hakidhuru." Akasema, "Walishe wewe, wewe ndiye wajua kiasi." Hakusema kwa kinyongo. Nilimrai mara nyingi, akanijibu vivyo hivyo, na alikisogeza kiti cha baba kikaelekea dirishani, akawa anatazama uchochoro. Nilikuwa nimelitibu tangi, na kila nilipowatilia samaki ule uduvi nilijiona kama mtu anayekula chakula cha mwenziwe mbele yake.

Ikapita miezi. Alasiri moja nilirudi mapema, kichwa kinaniuma, na nilipofika katikati ya ngazi nikasikia sauti ya mama, ya chini, ya kubembeleza. Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya tangi akimfikichia mkate yule kangaja wa jicho moja, upande wa jicho lililo zima, akimwambia ageuke, ageuke vizuri, asiwaache wenziwe wamwibie.

Nikashuka kwa ncha za vidole mpaka chini. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho, karibu na mlango wa nje, mkoba magotini, watu wakipita uchochoroni na kunisalimu, mpaka nilipomsikia mama akifungua redio. Ndipo nikaufunga mlango kwa kishindo na kupanda nikipiga hodi.

Wiki ile iliyofuata niliona nyuzi za kijani zimeota katika pembe moja ya tangi, pale karibu na kiti. Nikakunja mkono wa gauni, nikachukua mswaki na kuzisugua mpaka zikatoka. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Sikumuuliza kitu, na Ijumaa iliyofuata nikazisugua tena.